Miaka ya /dev/hdc: Tulivyohangaika Linux Iitambue CD

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Dar es Salaam ilishuka kutoka angani. Ilitegemea setilaiti, bei yake ilikuwa kali, na kwenye intaneti kafe watu walilipia dakika huku macho yao yakiwa kwenye saa ya ukutani. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009 ndipo mambo yalipoanza kulegea. Miaka yangu ya kwanza ya ufundi wa kompyuta ilitangulia hapo. Siku hizo mfumo endeshi haukupakuliwa. Uliubeba mkononi, kwenye CD.

Sisi tuliochagua Linux tuliitegemea CD kuliko wengine wote. Debian 4.0, toleo mojawapo la Linux lililotoka Aprili 2007, ilienea kwenye CD zaidi ya ishirini, au DVD tatu kwa aliyebahatika kuwa na draivu ya kuzisoma. Ubuntu, mradi wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, ilituma CD zake bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, mpaka huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2011. Bahasha zake zilifika kwenye masanduku ya posta ya shule na ofisi, na CD moja ilipita mikono mingi kabla haijachakaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kupitia mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na nakala zake tulipeana vivyo hivyo.

Kwa hiyo kila kitu kiliingia kwenye kompyuta kupitia draivu ya CD. Linux isipoiona, hakukuwa na cha kusakinisha, cha kuongeza wala cha kurekebisha. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu kompyuta niliyajua kwa kuhangaikia kijidroo kile kinachotoka na kurudi.

Nilianza kazi kwa fundi mkubwa aliyekuwa na duka dogo Kariakoo. Mashine zetu zilikuwa mitumba, Pentium III na Pentium 4 zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya zikaletwa kwa kontena. Nyingi zilifika zikiwa zimeng'olewa kitu hiki au kile, na tulizijaza kwa vipande vya mashine nyingine. Wateja wetu walikuwa shule, vituo vya vijana na watu wa kawaida waliotaka kompyuta ya kuandikia barua na kutazama filamu. Linux iliwafaa kwa sababu haikuwa na leseni ya kununua na haikushambuliwa na virusi vilivyokuwa vikizunguka kwenye flashi za mjini.

Mzee wetu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kwa kila kijana aliyeingia dukani.

“Mwanangu, usiandike amri kabla hujafungua kasha,” alisema. “Anza na chuma. Chuma kikiwa kizima, ndipo umuulize Linux.”

Chuma cha wakati ule kilikuwa na taratibu zake. Mazabodi ilikuwa na soketi mbili za IDE, na kila soketi ilitoa utepe mpana wa waya ulioweza kubeba vifaa viwili. Kimoja kilipaswa kuwa masta na kingine slevu, na uamuzi huo ulifanywa kwa jampa, kijikofia cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, kilichochomekwa nyuma ya draivu. Ukiweka vifaa viwili vya masta kwenye utepe mmoja, mara BIOS, programu ya mazabodi inayowasha mashine, inakiona kimoja, mara haioni hata kimoja, mara inaviona vyote lakini Linux inakwama katikati ya kuwaka. Kwa kuwa vipande vyetu vilitoka kwenye mashine tofauti, jampa zilikuwa zimewekwa kwa mahitaji ya mashine zilikotoka. Tuliona draivu nyingi zikiitwa mbovu na wenyewe, kumbe zilihitaji kusogezewa kijikofia kile pini moja kushoto.

Baada ya jampa tulitazama taa, tukasikiliza kama diski inazunguka, tukasafisha lenzi iliyojaa vumbi la Kariakoo, kisha tukaingia kwenye BIOS kuona kama jina la draivu limeandikwa. Likiwa halipo, kazi bado ni ya bisibisi. Likiwepo, sasa zamu ya Linux imefika.

Linux ya enzi zile ilivipa vifaa vya IDE majina kwa kufuata soketi. Masta wa soketi ya kwanza aliitwa /dev/hda, slevu wake /dev/hdb. Masta wa soketi ya pili /dev/hdc, slevu wake /dev/hdd. Jina hilo lilikuwa kama namba ya kiwanja: halikukwambia ni nani anayeishi pale, lilikwambia ni wapi. Kwa mazoea ya watengenezaji, diski kuu ilikaa kwenye soketi ya kwanza na CD ikawa masta wa soketi ya pili. Ndiyo maana /dev/hdc lilikuwa midomoni mwetu kutwa. Tuliliandika kwenye karatasi tulizobandika ukutani.

Amri iliyotuokoa mara nyingi kuliko zote ni `dmesg`. Inaonyesha yale ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, ilisema tangu mashine ilipowashwa. Tulipoisoma kwa utulivu tulikuta mstari uliotaja hdc, jina la kiwanda, aina ya kifaa, na maneno yaliyothibitisha kuwa hii ni draivu ya CD au DVD. Mstari ukiwepo, ugomvi si wa utambuzi tena, ni wa mipangilio. Kulikuwa pia na faili la /proc/sys/dev/cdrom/info, ambalo ukilifungua unasoma uwezo wa draivu mstari kwa mstari: kasi yake, kama inasoma DVD, kama inachoma CD, kama inaweza kufunga mlango wake. Mteja aliyeuziwa “DVD raita” isiyochoma chochote tulimwonyesha ukweli hapohapo kwenye skrini.

Mipangilio iliishi kwenye faili la /etc/fstab. Huko tuliandika mstari unaosema kifaa hiki kifunguliwe kwenye folda ile, kwa aina ya iso9660, yaani mpangilio wa mafaili wa CD, kwa kusoma tu, na kwamba mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kukifungua. Neno `user` likisahaulika kwenye mstari huo, mwalimu wa shule aliyeweka CD ya mitihani aliambiwa kuwa ni msimamizi mkuu tu awezaye kufanya hivyo. Na mara nyingine jina lake lilihitaji kuingizwa kwenye kundi la watumiaji liitwalo cdrom. Kwa mwalimu yote hayo yalikuwa kitu kimoja: kompyuta imekataa CD. Kazi yetu ilikuwa kutenganisha. Je, kerneli haijaiona, au imeiona lakini haijui iifungue wapi, au inajua lakini haimruhusu huyu?

Kuchoma CD kulikuwa na mkasa wake. Kwenye kerneli 2.4 programu ya `cdrecord`, iliyoandikwa na Jörg Schilling wa Ujerumani, ilizungumza na vifaa vya SCSI, aina nyingine ya muunganisho, na draivu zetu za bei nafuu zilikuwa za IDE. Ilibidi kerneli ijifanye kwamba draivu ni ya SCSI. Tuliandika `hdc=ide-scsi` kwenye mipangilio ya LILO au GRUB, programu zinazoiwasha kerneli, tukawasha upya, na draivu ikatokea kwa jina jipya la /dev/scd0. Kuanzia hapo jina la hdc halikufungua kitu, na mstari wa fstab ulitakiwa ubadilike nalo. Wengi walifanikiwa kuchoma kisha wakashangaa kwa nini kusoma kumekufa. Kerneli 2.6, iliyotoka Desemba 2003, iliondoa mzunguko huo. `Cdrecord` iliweza kupelekwa moja kwa moja kwenye /dev/hdc. Lakini mafunzo ya zamani yaliendelea kuzunguka kwa nakala za karatasi, na miaka kadhaa baadaye bado tulikuta mashine za kerneli mpya zimebebeshwa ide-scsi bila sababu, draivu ikiyumba kwa ajili hiyo.

Tatizo lililonifikirisha kuliko yote lilikuwa hili: kompyuta inawaka kutoka kwenye CD ya Linux, menyu inatokea, usakinishaji unaanza, halafu katikati ya safari mfumo unasema hakuna draivu ya CD iliyopatikana. Mteja anakutazama. CD imo ndani, taa inawaka, na maandishi anayoyasoma yametoka kwenye CD hiyohiyo!

Jibu lake ni la kuvutia, na nililielezwa vizuri na kaka mmoja aliyekuwa akisimamia mitandao ya ofisi.

“Mdogo wangu, wasomaji ni wawili,” alinieleza. “Mwanzo anasoma BIOS kwa njia zake. Kerneli ikishaingia kumbukumbuni, inamwambia BIOS akae pembeni, na inaanza kusoma yenyewe. Kama haina dereva wa chipu ile, haina macho.”

Mwaka 2006 jambo hilo lilienea. Intel ilitoa chipu mpya ya ICH8 ambayo haikuwa tena na IDE, kwa kuwa diski kuu zilikuwa zimehamia SATA, muunganisho mpya. Draivu nyingi za CD zilikuwa bado za IDE, hivyo watengenezaji wa mazabodi waliongeza chipu ya pembeni, mara nyingi ya JMicron, ili soketi ya zamani ibaki. Kerneli nyingi tulizokuwa nazo zilitangulia mazabodi hizo. BIOS iliisoma CD vizuri, kerneli ikaipoteza. Dawa ya muda ilikuwa kuongeza maneno `all-generic-ide` kwenye mstari wa kuwashia, ili kerneli ijaribu dereva wa jumla hata kama chipu haiifahamu. Au kuingia BIOS na kubadilisha hali ya chipu iwe AHCI. Nilipoona mara ya kwanza maneno hayo machache yakirudisha uhai wa mashine mpya kabisa, iliyonunuliwa na ofisi kwa fedha nyingi na kutangazwa kuwa haifai kwa Linux, nilielewa kwamba ufundi ni kujua nani anazungumza na nani ndani ya kasha.

Kisha ukaja mwaka 2007, na majina yenyewe yakabadilika. Watunzaji wa kerneli walikuwa wameandika upya sehemu inayoshughulikia diski, wakaileta IDE chini ya mfumo mmoja na SATA uitwao libata. Kwenye matoleo kama Ubuntu 7.04 na Fedora 7, hda ikawa sda, na hdc yetu ikawa /dev/sr0. Diski kuu hazikupata shida sana, maana Ubuntu ilikuwa imeshaanza kuziandika kwenye fstab kwa UUID, namba ndefu iliyomo ndani ya diski yenyewe, isiyotegemea soketi. CD haina namba ya namna hiyo ya kudumu, kwa sababu diski inayowekwa leo si ya jana. Mstari wake ulibaki ukiitaja hdc isiyokuwepo tena. Maabara za shule zilizokuwa zikifanya kazi zikaanza kulalamika kuwa kifaa hakipo. Tulizizungukia moja baada ya nyingine tukibadilisha mstari huo.

Kulikuwa na kiungo cha /dev/cdrom, kilichokusudiwa kutuondolea adha hiyo. Jina hilo lilielekeza kwenye draivu halisi, iwe hdc au sr0, na udev, programu inayosimamia majina ya vifaa, ndiyo iliyolitengeneza mashine ilipowaka. Tatizo ni kwamba udev ya miaka ile ilikumbuka. Iliandika draivu ilizoziona kwenye faili la 70-persistent-cd.rules, ndani ya /etc/udev/rules.d, ili ya kwanza ibaki cdrom daima. Sisi maabara tuliziandaa kwa kusakinisha mashine moja na kunakili diski yake kwenye nyingine zote. Kila nakala iliamka kwenye kasha geni, ikakuta draivu isiyoifahamu, ikaipa jina la cdrom1, huku jina la cdrom likihifadhiwa kwa draivu iliyobaki dukani Kariakoo.

Athari yake ilionekana pale mwalimu alipotaka kuongeza programu. Mfumo ulimwomba aweke CD yenye jina fulani kisha abonyeze Enter. Anaweka, anabonyeza, anaombwa tena CD ileile. Anadhani imekwaruzwa, anaisugua kwa kanga, anarudisha. Tiba ilikuwa kulifuta faili lile na kuwasha upya, udev ikaandika kumbukumbu mpya za mashine ilipo. Tangu hapo tukaanza kulifuta kabla ya kunakili diski, na simu za malalamiko zikapungua. Miaka michache baadaye watunzaji wa udev waliondoa utaratibu huo kabisa.

Lakini watu wa mtaani hawakutuletea draivu kwa ajili ya Debian. Walikuja na VCD. Filamu za Bongo, harusi za ndugu, kwaya za makanisani, taarabu, mahubiri na mawaidha, vyote vilikuwa kwenye VCD zilizouzwa vibandani na kwenye stendi za mabasi. Mama mmoja alikuja na VCD ya harusi ya binti yake aliyekuwa ameolewa mbali, akitaka iwekwe kwenye kompyuta ya mjukuu.

“Mwanangu, kwenye deki inacheza,” aliniambia. “Kwenye hii yenu inagoma. Nimeambiwa mtambo wenu hautambui CD.”

Mtambo uliitambua. Folda ya MPEGAV ilifunguka, na faili la AVSEQ01.DAT lilionekana likiwa na ukubwa wake kamili. Ukilinakili, Linux inarudisha kosa la kusoma. Sababu ni kwamba video ya VCD haikuandikwa kama mafaili ya kawaida. Sekta ya data hubeba baiti 2048 na sehemu kubwa ya nafasi inayobaki ni ya kusahihishia makosa. Sekta ya video ya VCD hubeba baiti 2324, kwa kuwa nafasi hiyo ya masahihisho imetolewa ili picha ienee. Linux ikiisoma kwa macho ya data inaona makosa matupu. Inabidi isomwe kama treki: `mplayer vcd://2` ilicheza harusi yote, na programu ya `vcdxrip` ilitoa faili safi la kuhifadhi. CD za muziki nazo hazifunguki kama folda, maana hazina mafaili ndani yake, zina sauti tu. Zinahitaji `cdparanoia` kuzitoa treki kwa treki. Yule mama alikaa kwenye kiti cha dukani akaitazama harusi mpaka mwisho, na wateja wengine wakasimama nyuma yake kutazama.

Leo vijana wanaoanza ufundi hawalijui jina la hdc, na hakuna ubaya. Draivu ya nje inachomekwa kwenye USB, amri ya `lsblk` inaonyesha sr0 papo hapo, na mazingira ya kompyuta yanaifungua yenyewe. Hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Kila adha niliyoieleza hapa kuna mtu aliyekaa akaandika dereva, akafuta utaratibu mbaya, akakubali lawama za waliozoea majina ya zamani. Ninawashukuru watu hao, ambao wengi wao sitawajua kamwe. Namshukuru pia mzee aliyenifundisha kufungua kasha kwanza, na kaka aliyenionyesha kuwa ndani ya kasha kuna wasomaji wawili.

Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni hiki. Laptopu nyingi mpya hazina tena draivu ya CD, na draivu za zamani zinakufa moja moja kwa lenzi kuchoka. CD na DVD za kuchomwa nazo zina rangi inayoharibika kwa joto, jua na unyevu, na pwani yetu ina vyote vitatu. Ndani ya makabati ya nyumba zetu kuna harusi, misiba, mihadhara, kwaya na taarabu ambazo hazipo mahali pengine popote. Tafuta draivu ya USB ungali unaweza kuipata. CD na DVD za data zinakiliwe kwa `ddrescue`, ambayo huanza na sehemu nzima na kurudia zilizoharibika baadaye. VCD zitolewe kama treki, na za muziki kwa `cdparanoia`. Weka nakala mbili mahali tofauti, andika jina na tarehe. Na kama mashine yako inasema haioni CD, usiitupe diski wala usiilaumu. Isome `dmesg` kwanza.